Waulizeni Wanachuo Kwanza

Mwezi Septemba mwaka 2016, JAMA, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, lilichapisha matokeo ambayo wengi hawakuyatarajia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, wakiongozwa na John Jakicic, walikuwa wamewafuatilia kwa miaka miwili watu 471 wa umri wa miaka 18 hadi 35, wote wakiwa na uzito uliopita kiasi. Miezi sita ya mwanzo wote walipata huduma ileile: mlo uliopunguzwa, ratiba ya mazoezi na vikao vya ushauri. Kisha njia zikaachana. Kundi moja liliendelea kujiandikia kwenye tovuti chakula na mazoezi yake. Kundi la pili lilivishwa mkononi kifaa cha kupima mwendo, chenye tovuti yake ya kuonyesha takwimu. Miaka miwili ilipotimia, waliokuwa wakijiandikia wenyewe walikuwa wamepungua kilo 5.9 kwa wastani. Waliovaa kifaa walikuwa wamepungua kilo 3.5.

Kuuhesabu mwendo wa mtu ni jambo moja, na kumfanya apende kutembea ni jambo jingine kabisa. Utafiti wa Pittsburgh haukusema kwamba teknolojia haina faida. Ulionyesha kwamba kifaa, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kubebeshwa kazi ya mpango mzima. Na hapo ndipo linapoanzia swali la sura hii: programu ya mazoezi ya mtandaoni kwa wanafunzi wa vyuo itengenezweje, na nani akae kwenye meza ya kuitengeneza? Ushahidi uliokusanywa katika miongo miwili iliyopita unaelekea upande mmoja. Mwanafunzi mwenyewe anatakiwa awe kwenye meza ile tangu siku ya kwanza, na asiondoke programu ikishazinduliwa.

Umri wa chuo una uzito wake katika afya ya mtu, na aliyelionyesha hilo vizuri kuliko wengi ni daktari Ralph Paffenbarger, ambaye alilitafiti kwa njia ya posta. Aliwaandikia wanaume waliosoma Chuo Kikuu cha Harvard, walioingia hapo kati ya mwaka 1916 na 1950, akiwauliza wanapanda ngazi ngapi kwa siku, wanatembea umbali gani na wanacheza michezo gani. Makala yake ya mwaka 1978 ilihusu watu 16,936. Waliotumia chini ya kalori 2,000 kwa wiki katika shughuli hizo walikuwa na hatari ya mshtuko wa moyo iliyowazidi wenzao kwa asilimia 64. Lakini habari kubwa zaidi ilikuwa juu ya wale waliowahi kuchezea timu za chuo. Ushujaa wao wa ujanani haukuwalinda peke yake. Aliyeacha mazoezi baada ya kuhitimu aliipoteza kinga, wakati mwenzake ambaye hakuwahi kuvaa jezi ya chuo, lakini akaendelea kujishughulisha utu uzimani, aliipata. Paffenbarger mwenyewe alianza kukimbia akiwa amepita miaka 40, na akaishia kukimbia marathoni ya Boston.

Maana yake ni kwamba kinachotakiwa chuoni ni tabia ambayo mhitimu ataondoka nayo getini. Nguvu za miaka minne hazitoshi.

Vyuo vya Marekani vilianza kulishughulikia jambo hili mapema. Mwaka 1861, Chuo cha Amherst huko Massachusetts kilimweka daktari Edward Hitchcock kusimamia afya na mazoezi ya wanafunzi, baada ya uongozi kuona vijana wakidhoofika kwa kukesha na vitabu. Mfano ukaenea. Bradley Cardinal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State walipofuatilia historia hiyo, waliona kwamba katika miaka ya 1920 vyuo vilivyowataka wanafunzi wote wasome somo la mazoezi vilifikia asilimia 97. Mwaka 2010 vilikuwa vimebaki asilimia 40 hivi, kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa. Walimu wa mazoezi walipungua, viwanja vikabaki kwa wachezaji wa timu, na mwanafunzi wa kawaida akaachwa na simu yake. Ndiyo maana mtandao ukaonekana kuwa njia ya kuziba pengo: haujengi uwanja, haulipi mwalimu kwa kila kipindi, na unamfikia mtu alipo.

Kuna kishawishi cha kuanza kwa kutisha. Nchini Marekani inaaminika sana kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hunenepa ratili 15, yaani karibu kilo saba. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta wastani halisi ni kilo 1.36. Programu inayomkaribisha binti wa miaka 18 kwa hofu ya kilo saba inamdanganya, na huenda ikamwachia chuki na mwili wake ambayo itadumu kuliko mazoezi yenyewe.

Basi waulizwe wenyewe. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya mazungumzo ya vikundi 16 yaliyofanyika kwa njia ya mtandao na wanafunzi 115 wa vyuo vikuu vinane vya Marekani. Watafiti walitaka kujua kinachomzuia kijana kutunza uzito wake na kinachomsaidia. Majibu hayakuhusu ukosefu wa elimu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mboga ni nzuri. Walitaja muda, vishawishi, kushindwa kujizuia, vyakula vibaya kupatikana kila kona, na mikusanyiko ya marafiki ambako kukataa kula ni kujitenga. Waliposema kinachowasaidia, walitaja kushughulisha mwili na kuwa na watu wa kuwaunga mkono.

Miaka michache baadaye, huko Ubelgiji, wanafunzi 46 waliketi katika vikundi saba wakaulizwa kuhusu mazoezi na kukaa kitako. Makala iliyotoka mwaka 2015, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Tom Deliens, inaonyesha jinsi majibu yalivyofungamana na maisha ya chuo hasa: mitihani, kuishi mbali na wazazi kwa mara ya kwanza, bei ya uanachama wa viwanja vya michezo, umbali wa kufika huko. Wanafunzi hawakuishia kulalamika. Walipendekeza taarifa bora kuhusu michezo iliyopo chuoni, malipo nafuu na yenye kubadilika, mazoezi yahesabiwe kama somo la hiari, chuo kitoe baiskeli, na yaandaliwe mashindano ya timu. Mapendekezo hayo yana jambo la kutazamwa kwa makini: mengi hayahusu simu wala kompyuta. Ukimuuliza mwanafunzi kwa unyofu, anaweza kukujibu kwamba tatizo lake la kwanza halitatuliwi na programu unayotaka kumtengenezea. Msanifu mwema anapaswa kulisikia hilo na kulipeleka panapohusika.

Wazo la kumshirikisha mtumiaji halikuzaliwa kwenye kampuni za simu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, chama cha wafanyakazi wa chuma na metali nchini Norway kilishirikiana na mwanasayansi wa kompyuta Kristen Nygaard, mmoja wa waasisi wa lugha ya kompyuta iitwayo Simula. Kompyuta zilikuwa zinaingia viwandani na mafundi waliogopa kwamba maamuzi yote kuhusu kazi yao yangehamia ofisini kwa mameneja. Walichodai kilikuwa haki: anayeathiriwa na mtambo awe na sauti katika kuupanga. Usanifu shirikishi wa leo, hata ule wa kupanga vitufe vya programu ya mazoezi, umetoka katika dai lile la mafundi. Kulikumbuka kunasaidia, maana siku hizi neno "kushirikisha" hutumika hata pale ambapo watu wamejaza dodoso tu na hawakusikia tena kilichofuata.

Jaribio kubwa la kuwashirikisha wanachuo lilifanywa na timu ya watafiti wa lishe kutoka vyuo vikuu mbalimbali vya Marekani, makala zake kuu zikiongozwa na Kendra Kattelmann wa Chuo Kikuu cha South Dakota State. Programu yao iliitwa YEAH, na ililenga ulaji, mazoezi na namna kijana anavyokabiliana na msongo wa mawazo. Walitumia mfumo wa kupanga huduma za afya uitwao PRECEDE-PROCEED, uliojengwa na Lawrence Green na Marshall Kreuter, ambao una tabia moja ya kupendeza: hauanzi na ugonjwa. Unaanza kwa kuwauliza watu maisha mazuri kwao ni yapi, ndipo unarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kufikia tabia, na kutoka tabia hadi sababu zake. Mwanafunzi anaweza kusema anataka apate usingizi, afaulu mitihani na awe na marafiki. Mazoezi yanaingia kwa mlango huo, na uzito unakuja baadaye kabisa.

Matokeo yake yalikuwa masomo mafupi 21 ya mtandaoni yaliyogawanywa katika wiki kumi, pamoja na barua pepe za kukumbushia. Yalijaribiwa kwa wanafunzi 1,639 katika vyuo 13. Baada ya wiki kumi, waliopata programu walikula matunda na mboga zaidi kuliko wenzao, walipunguza mafuta, wanawake waliongeza mazoezi mazito, na uwezo wa kujipangia na kujisimamia ulipanda. Uzito haukubadilika. Na walipofuatiliwa baadaye, sehemu kubwa ya mafanikio ya wiki kumi haikuwa imedumu.

Wapo watakaousoma mwisho huo na kusema ushirikishaji haukusaidia. Hukumu hiyo si ya haki. Wanafunzi waliitwa kusaidia kujenga nyumba, lakini programu ilipokwisha wiki ya kumi hakukuwa na mtu wa kuitunza pamoja nao. Mwanafunzi aliyesema Septemba kwamba tatizo lake ni muda, mwezi Machi anaweza kuwa na tatizo la upweke, na Mei hana lolote kichwani ila mtihani. Maoni ya mara moja yanachakaa kabla ya mwaka wa masomo kuisha.

Kuna tatizo jingine lililo gumu zaidi, nalo ni kwamba watu husema wanachopenda, na pengine kinachowasukuma ni kitu kingine. Jingwen Zhang, Damon Centola na wenzao wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilijaribu hili kwa wanafunzi 790 wa shahada za juu. Kwa wiki 11 wanafunzi hao walikuwa na madarasa ya mazoezi ya bure kwenye jimu ya chuo, na tovuti ya kujiandikishia. Waligawanywa mafungu manne. Fungu la kwanza kila mtu alikuwa peke yake. La pili walikuwa katika timu zenye kuongea na kutiana moyo mtandaoni. La tatu kila mmoja aliona jinsi wenzake walivyohudhuria na kujipima nao. La nne timu zilishindana na timu nyingine.

Ukiwauliza watu mapema, huenda wengi wangechagua timu ya kutiana moyo, kwa kuwa inasikika vizuri. Katika mafungu yenye ushindani mahudhurio yalikuwa juu kwa asilimia 90 kuliko kwenye mafungu yasiyo na ushindani, na timu za kutiana moyo hazikuwazidi hata wale waliokuwa peke yao. Maelezo ya watafiti yanaeleweka: katika kundi la kuongea tu, wavivu nao wana sauti, na uvivu wao huambukiza. Penye ushindani, macho yote yanaelekea kwa waliotangulia.

Hapa hekima inahitajika. Wanafunzi wale 790 walikuwa watu wazima waliojitolea, wa chuo chenye ushindani mkali kwa asili yake. Msichana anayeona aibu kukimbia mbele za watu anaweza kuiona orodha ya washindi akafunga programu siku hiyohiyo. Kwa hiyo funzo la Pennsylvania si kwamba ushindani uwekwe kila mahali. Ni kwamba kuuliza kuambatane na kutazama. Msanifu asikilize anachoambiwa, ajenge kitu kidogo, akijaribu, aone watu wanafanya nini, kisha arudi kwao na alichokiona waongee tena. Lucy Yardley na wenzake nchini Uingereza walioandika mwaka 2015 kuhusu njia ya kujenga huduma za afya za mtandaoni kwa kumzingatia mtumiaji wanasisitiza mzunguko huohuo: mahojiano ya kina mwanzoni, na mengine tena kwa kila toleo jipya.

Kutazama kwenyewe hakuhitaji maabara. Mwanafunzi anakaa na simu mkononi, na pembeni yake mtu mwenye daftari. Anapewa kazi moja: "Tafuta mazoezi ya leo uyaanze. Kila kinachokujia kichwani, kiseme kwa sauti." Kisha mwenye daftari ananyamaza, na kunyamaza huko ndiko kugumu. Yanasikika maneno kama haya: "Nabonyeza hapa… ah, imenirudisha mwanzo. 'Kiwango cha kati', mimi ni wa kati au wa mwanzo? Inataka uzito wangu. Ya nini? Basi naruka… hairuki." Ndani ya dakika mbili msanifu ameshapata kasoro tatu ambazo asingeziona kwa mwezi mzima akiwa ofisini. Jakob Nielsen, mtaalamu maarufu wa eneo hili, amekuwa akifundisha tangu miaka ya 1990 kwamba watu watano wakijaribu hivi wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya kasoro za matumizi, na kwamba ni bora kuwajaribu watano, kurekebisha, kisha wengine watano, kuliko kuwakusanya 15 kwa mara moja. Kwa kupima maoni ya jumla lipo dodoso la sentensi kumi ambalo John Brooke alilibuni mwaka 1986. Alama zake huenda hadi 100, na wastani wa bidhaa zilizopimwa ni 68. Chuo chochote kinaweza kulitumia bila gharama.

Hata toleo la kwanza halihitaji kuandikwa kwa kompyuta. Kurasa za programu zichorwe kwa kalamu kwenye karatasi zenye ukubwa wa simu. Mwanafunzi anabonyeza kitufe kilichochorwa kwa kidole, na msaidizi anaiondoa karatasi hiyo na kuweka inayofuata. Watu husema ukweli zaidi mbele ya mchoro, kwa sababu wanaona bado haujagharimu kitu na hawaogopi kumuudhi mtu.

Na mazoezi yenyewe yaweje? Hapa sayansi na malalamiko ya wanafunzi vinakutana vizuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazito dakika 75 hadi 150, pamoja na ya kujenga misuli siku mbili au zaidi. Zamani ilielezwa kwamba kila kipande kiwe na angalau dakika kumi ndipo kihesabiwe. Sharti hilo limeondolewa. Dakika nne kati ya kipindi na kipindi zinahesabika, na ngazi za maktaba nazo zinahesabika.

Mwaka 2013, Brett Klika na Chris Jordan waliandika mpango wa mazoezi 12 unaohitaji kiti, ukuta na uzito wa mwili tu. Kila zoezi ni sekunde 30, na mapumziko sekunde kumi, hivyo mzunguko mmoja unamalizika kwa dakika saba au nane. Unaanza kwa kuruka ukipanua mikono na miguu, unafuata kuegemea ukuta magoti yakiwa yamekunjwa kana kwamba umekalia kiti, kisha pushapu, tumbo, kupanda na kushuka kiti, kuchuchumaa. Wenye uwezo wanarudia mara mbili au tatu. Ni mpango unaoenea chumbani kwa mwanafunzi, lakini mtu anayetoka nje kumuuliza mwanafunzi huyo atagundua mambo ambayo Klika na Jordan hawakuweza kuyajua. Chumba kina vitanda viwili vya dabo deka na nafasi katikati ni upana wa mkeka mmoja. Kiti ni cha plastiki na kinateleza. Wanaoishi chini watalalamika ukiruka saa nne usiku. Mwenzako anasoma. Programu iliyowasikiliza wakazi wa chumba hiki itakuwa na mpangilio wa mazoezi ya kimya, yasiyo na kuruka, yanayofanyika katika nafasi ya mkeka mmoja.

Uangalifu unahitajika pia kwa kasi. Jina la Izumi Tabata wa Japani limebandikwa kwenye video zisizohesabika za dakika nne. Utafiti wake wa mwaka 1996 uliwahusu vijana wa kiume wanaosomea mazoezi ya mwili, wakikanyaga baiskeli za maabara kwa nguvu za mwisho, sekunde 20 kazi na kumi mapumziko. Kumpa mpango huo mwanafunzi ambaye hajakimbia tangu kidato cha pili ni kumwumiza. Kila programu ianze na maswali ya usalama kama yale saba yaliyotoka Kanada na kuenea duniani: una tatizo la moyo, unapata maumivu ya kifua, unazimia, una tatizo la viungo, unatumia dawa za presha? Anayejibu ndiyo aelekezwe kwa daktari kwanza.

Jambo la kulazimisha nalo linahitaji kusemwa waziwazi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Oral Roberts, mjini Tulsa, wangevaa saa za Fitbit, wafikishe hatua 10,000 kwa siku, na takwimu hizo ziingie kwenye alama za somo la mazoezi. Awali walikuwa wakijaza daftari kwa mkono. Chuo kilikuwa na nia njema na historia ndefu ya kujali mwili pamoja na roho. Hata hivyo, mwili unapogeuzwa kuwa cheti cha kukaguliwa, kijana hujifunza kuitikia mkaguzi, na mkaguzi hamfuati baada ya kuhitimu. Nadharia ya motisha ya Edward Deci na Richard Ryan, iliyopimwa tangu miaka ya 1980, inataja mahitaji matatu yanayomfanya mtu ashike jambo kwa moyo: kuona amechagua mwenyewe, kuona anaweza, na kuona yu pamoja na watu. Sharti la hatua linapiga moja kwa moja hitaji la kwanza.

Tena hizo hatua 10,000 zilitokana na kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Hazikutoka hospitalini. I-Min Lee wa Harvard alipowafuatilia wanawake 16,741 wenye wastani wa miaka 72, aliona mwaka 2019 kwamba faida ya kupunguza vifo ilipanda na hatua hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Wanafunzi si bibi wa miaka 72, lakini kilicho wazi ni kwamba tarakimu moja haiwezi kuwa sheria kwa kila mtu.

Hata programu nzuri hupoteza watu. Gunther Eysenbach aliandika mwaka 2005 kwamba kuachwa na watumiaji ni tabia ya kawaida ya huduma za afya za mtandaoni, na akawataka watafiti waipime badala ya kuificha. Huko San Diego, timu ya Kevin Patrick iliwafuatilia wanafunzi 404 wa vyuo vikuu vitatu kwa miezi 24, ikitumia Facebook, ujumbe wa simu, programu za simu, barua pepe na mshauri wa mbali. Katika mwezi wa sita na wa 12, waliopata huduma walikuwa wamepungua kuliko wenzao kwa zaidi kidogo ya kilo moja. Ilipofika miezi 24 tofauti haikuwa tena ya kutegemewa kitakwimu. Kwa miaka miwili mitandao ya kijamii hubadilika, madarasa hubadilika, na aliyeanza akiwa mwaka wa pili sasa anatafuta kazi. Programu inayotaka kudumu lazima ibadilike pamoja na watu wake, na hakuna anayeweza kuielekeza ibadilike vipi isipokuwa wao.

Msomaji wa Afrika Mashariki asiyaone haya kuwa ya Wamarekani peke yao. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zilizochapishwa mwaka 2018 ziliziweka Uganda na Tanzania miongoni mwa nchi zenye watu wachache zaidi wasiojishughulisha vya kutosha, chini ya mtu mmoja katika kumi, wakati Kuwait ilikuwa na asilimia 67. Lakini sehemu kubwa ya shughuli hiyo kwetu ni jembe, ndoo ya maji na kutembea kwa miguu. Kijana anayetoka katika maisha hayo kwenda kukaa ukumbini, maktabani na kitandani na simu anaiacha shughuli yote nyuma kwa siku moja, na haoni kama amepungukiwa na kitu kwa sababu hakuwahi kuiita mazoezi. Huyu hahitaji video ya jimu ya Los Angeles inayokula bando lake la siku. Picha mnato zenye maelezo, sauti inayopakuliwa mara moja kwenye intaneti ya chuo, au kikundi cha WhatsApp kinachoongozwa na mwanafunzi mwenzake vinaweza kumfaa zaidi. Binti anayejisitiri hatapenda kutuma video yake akifanya mazoezi, na asiombwe. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019 na Tanzania ilipata yake mwaka 2022. Uzito, ujauzito na maradhi ya mwanafunzi ni taarifa za kulindwa kama matokeo yake ya mtihani, au zaidi.

Kwa walio madarakani vyuoni, basi, ombi ni hili. Kabla ya kumlipa mtaalamu wa kompyuta, iundwe kamati ndogo ya wanafunzi: wa mwaka wa kwanza, anayeishi mtaani kwa kupanga, mwenye ulemavu, anayelea mtoto, na wale wasiopenda michezo kabisa, maana wapenda michezo tayari wako uwanjani. Waonyeshwe michoro ya karatasi kabla ya kitu chochote kujengwa. Programu ikishatoka waitwe tena kila muhula, walipwe posho kama wajumbe wa kamati nyingine yoyote ya chuo, na wakisema kipengele fulani kiondolewe, kiondolewe.